Tangazo la Tatu

Kanisani kwetu Kasenzya hakuna anayeoa kimyakimya. Majina ya wachumba husomwa Jumapili tatu mfululizo, na kila mara katekista humalizia kwa maneno yale yale: anayejua kizuizi chochote atoe taarifa. Ndivyo tulivyowahi kujua kwamba bwana harusi mmoja alikuwa na mke kule Kabwe, na mwingine alikuwa nao wawili. Kwa hiyo siku Vitus, mwenyekiti wa kamati yetu ya maji, aliposema kwamba safari hii mkandarasi wa kisima naye atangazwe kanisani kama bwana harusi, watu walicheka, kisha wakaacha kucheka, kisha wakakubali.

Walikuwa na sababu. Miaka miwili nyuma alikuja mtu na mashine juu ya lori. Tulimpokea kwa kuku na ugali wa ulezi, na hakuna aliyemwuliza hata kitambulisho. Alichimba siku mbili. Maji yakatoka, tukapiga vigelegele, watoto wakaoga na nguo zao. Baada ya miezi mitatu bomba lilianza kutapika mchanga, halafu likanyamaza kabisa. Fundi wa wilaya alipokuja kuchungulia alisema mabomba yameshushwa ovyo, hakuna hata kokoto za kuchuja, na mtu yule hakuwa na leseni ya kuchimba kitu chochote. Simu yake haikupatikana tena. Mpaka leo mbuzi wanajikuna kwenye lile bomba.

Basi neno likawa vyeti. Marafiki wa parokia yetu kutoka ng'ambo walikubali kutupa kisima kingine, kwa sharti moja: mkandarasi akaguliwe, na mkataba usainiwe kabla mwezi wa sita haujaisha. La sivyo kisima kinahamia kijiji kingine kilichokuwa kwenye foleni. Kamati ikanichagua mimi, Hellena, katibu wao, kukagua vyeti. Nilichaguliwa kwa sababu nina kidato cha nne cha enzi zile, na kwa sababu kaka yangu Kalisti alikuwa mtaalamu wa maji. Kana kwamba utaalamu ni chawa, unaupata kwa kulala nyumba moja.

Nasema alikuwa. Kalisti alizunguka mkoa huu miaka thelathini na vyombo vyake vya kupimia maji ya chini ya ardhi, alipostaafu akajenga mjini, mtaa wa Kizwite, mkewe akafa, na mwaka juzi kiharusi kikamkuta anafunga viatu. Nikamchukua nikamleta nyumbani. Mkono wake wa kulia ulikufa, mguu ukakauka, ulimi ukawa mzito, neno halitoki. Kilichobaki ni mkono wa kushoto, na kwa mkono huo tulitengeneza lugha yetu. Akigonga kitanda ni ndiyo. Akiinua mkono ni hapana. Wageni wakija wanamsemesha kwa sauti kubwa kama mtoto asiyesikia, hakuna anayeangalia mkono.

Mtu wa namna hiyo anahitaji ndoo mbili kwa siku. Ya kwanza ya kumwogesha, ya pili ya kufua mashuka na vitambaa vyake. Ukimwacha siku moja, ngozi inachubuka. Chemchemi yetu iko bondeni; kushuka si kazi, kazi ni kupanda na ndoo kichwani huku magoti yanalia. Mwaka huu mvua zilikata mwezi wa tatu. Kufikia wa tano tulikuwa tunachota kwa kikombe, kinamama kwa zamu, na ng'ombe wa wafugaji wamesimama nyuma yetu wanasubiri nao. Hakuna mtu Kasenzya aliyekitaka kile kisima kuliko mimi. Nalisema hili mapema ili lieleweke.

Kitu kimoja tu kilikuwa kinanisaidia. Kila mwezi basi liliteremsha kifurushi chetu njia panda, pale ambapo vijiji vitatu tunachukulia mizigo: dawa za presha, sabuni, wakati mwingine mchele. Juu kimeandikwa jina langu, chini kimeandikwa Max na namba ya simu. Nilipompigia mara ya kwanza akaniambia, "Mimi nilifanya kazi na mzee, mama. Wewe mtunze tu, dawa niachie mimi." Ofisini kwa kaka yangu hakuna mwingine aliyemkumbuka. Kila Jumatano kwenye jumuiya nilimtaja huyo Max katika maombi yangu, kwa jina, nikiwa nimepiga magoti.

*

Tangazo la kwanza lilisomwa Jumapili ya pili ya mwezi wa sita. Katekista wetu Adriano alivaa miwani, akasafisha koo. "Kampuni ya Majitamu, ya Sumbawanga mjini, inatarajia kufunga mkataba wa kisima na kijiji cha Kasenzya. Anayejua kizuizi chochote atoe taarifa kwa katekista au kwa kamati. Hili ni tangazo la kwanza." Wapo walioguna kwa kicheko. Nyuma kabisa, karibu na mlango, alikuwa amekaa Minza, mjumbe wa kamati kwa upande wa wafugaji. Yeye si Mkatoliki, wala hakuwahi kuingia humo kabla. Alikuja na kitenge kipya na akakaa mpaka mwisho.

"Ndoa zenu sizijui," aliniambia nje, akiniita mama kwa lugha yao, "lakini hiki kisima ni changu pia. Utakwenda lini kukagua, mayu?"

"Kesho."

Kesho yake nilipanda gari la alfajiri, na nakala za makaratasi ya Majitamu ziko kwenye bahasha kifuani. Leseni ya kuchimba, usajili wa kampuni, kila kitu kina mhuri. Lakini tulishaumwa mara moja, na mhuri hata sokoni wanakuchongea. Nilitaka kuona kama ofisi inayotoa leseni inawafahamu watu hawa.

Binti wa pale ofisini alinisikiliza vizuri. Nilipomweleza kwamba kijiji kimenituma kukagua, alifurahi hasa. Aliniambia wengi huja wakati shimo limeshakauka. Aliandika namba kwenye kompyuta yake, akasubiri, akatabasamu. "Leseni ni hai, mama. Haijaisha muda. Mashine yao imesajiliwa. Na mtaalamu wao anayewajibika ni mtu mzito, wa siku nyingi." Akanigeuzia kioo ili nione mwenyewe.

Kwenye kioo alikuwa Kalisti.

Picha ya pasipoti, nywele zimechanwa, tai ya bluu yenye mistari. Tai ile nilimnunulia mimi siku ya jubilei yake ya ndoa. Nilibaki namwangalia, naye akawa ananiangalia, mzima, mashavu yote mawili yako sawa.

"Na utafiti wa kwenu ameshafanya," binti aliendelea, akafungua ukurasa mwingine. "Hii hapa ripoti waliyoambatanisha kuombea kibali. Mtaalamu alipima Kasenzya siku mbili, akachagua eneo la nyuma ya shule, mita themanini. Imesainiwa tarehe kumi na mbili mwezi wa tano."

Tarehe kumi na mbili mwezi wa tano nilikuwa namlisha uji kwa kijiko, na nusu ya uji ikamwishia shingoni. Nyuma ya shule hajawahi kufika mtu na chombo chochote. Sahihi ilikuwa yake kabisa, ile ya zamani, yenye mkia mrefu, ya mkono wa kulia.

"Kuna tatizo, mama?" binti aliuliza, maana nadhani nilikuwa nimeshika meza.

Hapo ndipo ilipokuwa nafasi yangu. Nimerudi pale kichwani mara nyingi kuliko ninavyorudi chemchemini. Ofisi imenifungulia jalada, binti ananiuliza kwa mdomo wake, kalamu iko mezani. Ningesema maneno manne tu: huyu mtu ni mgonjwa. Badala yake niliwaza ndoo. Niliwaza mwezi wa sita unavyokwisha. Niliwaza na dawa, nikaliona lile jina dogo chini ya kifurushi, na kwenye leseni niliyokuwa nimeishika jina la mkurugenzi wa Majitamu, Maximilian, na vitu viwili hivyo vikakutana kichwani mwangu vikawa mtu mmoja.

"Hakuna tatizo, mwanangu," nikasema. "Asante."

*

Jioni hiyo nilimwogesha Kalisti bila kumsemesha, jambo ambalo sifanyi. Nilipomaliza kumvika sweta, maana baridi ya mwezi wa sita huku kwetu inaingia mpaka kwenye mifupa, nikakaa pembeni ya kitanda.

"Ulimpa Maximilian cheti chako?"

Akaniangalia muda mrefu. Kisha akagonga kitanda, mara moja.

"Kabla hujaugua?"

Akagonga.

"Unajua kwamba bado anakitumia? Unajua kwamba umesaini kisima cha hapa kwetu?"

Hakugonga. Wala hakuinua mkono. Aligeuza uso ukutani, na machozi yakaanza kushuka kwa upande mmoja, ule unaofanya kazi. Nilikuwa na swali moja limebaki: nimwache Maximilian achimbe? Sikuliuliza. Niliogopa angejibu.

Minza alinikuta kesho yake bondeni. "Umekagua?"

"Leseni ni hai," nikamjibu. "Imo kwenye kompyuta yao, nimeiona kwa macho yangu."

Akashukuru Mungu, akanitwisha ndoo yangu. Kila neno nililomwambia lilikuwa kweli, na sijawahi kudanganya mtu kwa urahisi namna ile.

Nilijipa sababu, na sababu zilikuwa nyingi. Huenda vijana wa Majitamu wana uzoefu. Huenda maji yapo nyuma ya shule. Kwani huyu mtu si ndiye anayemweka kaka yangu hai? Usiku nilikuwa naamka nikiwa na majibu mazuri, na asubuhi nikipita pale kwenye lile bomba la mchanga, majibu yote yanakwisha. Jumapili Adriano akasoma tangazo la pili. Niliinamisha kichwa nikajifanya natafuta ukurasa wa wimbo.

Alhamisi iliyofuata Maximilian alikuja mwenyewe na pikapu, kujitambulisha kwa kamati. Ni mtu wa makamo, mnene kidogo, mwenye sauti ya upole, ile ile ya kwenye simu. Vitus alimleta kwangu ili aone muhtasari wa kikao, kisha akatoka kwenda kuwaita wajumbe wengine. Mlango wa chumba cha Kalisti ulikuwa wazi.

Nilimwona anavyoganda. Hakuwa anajua. Alikuwa anatuma vifurushi njia panda tu, hakujua ni kijiji gani kati ya vitatu. Alivua kofia, akaingia, akapiga goti, akaushika ule mkono wa kushoto kwa mikono yake miwili. "Shikamoo, mzee wangu," akasema, na sauti ikamkatika. Ningependa kusema alikuwa anaigiza. Hakuwa anaigiza.

Kalisti aliuvuta mkono wake taratibu, akauficha ndani ya blanketi.

Tuliporudi sebuleni Maximilian alijifuta uso kwa leso. "Alikubali mwenyewe, mama. Alipostaafu. Cheti kimekaa kabatini, mimi nina mashine sina mtaalamu. Nikamwambia nitakutunza. Sijamtunza?"

"Umemtunza."

"Watu wengi tu wanafanya hivyo."

"Nyuma ya shule alipima nani?"

"Mama, nyanda hizi maji yapo. Vijana wangu wamechimba—"

"Alipima nani, Maximilian?"

Akaangalia viatu vyake. Vilikuwa viatu vizuri. "Makaratasi yanataka jina," akasema. "Tukifika na mashine tutaangalia angalia."

"Hata yule wa kwanza aliangalia angalia."

Akaikunja leso akaitia mfukoni. Kisha akasema bila ukali wowote, na ndiyo maana maneno yake yalinipata. "Ukisema, mimi nafungiwa. Sawa, nastahili. Nyinyi mnakosa kisima, maana kwa siku hizi zilizobaki hamtapata mkandarasi mwingine. Na mzee…" Hakumalizia. Alikwenda kwenye pikapu akarudi na kifurushi, akakiweka mezani. Haikuwa tarehe ya kifurushi. Nilijua hivyo, naye alijua kwamba najua, na nilikichukua nikakiweka kabatini kabla Vitus hajarudi.

Jioni ile niliamua kunyamaza. Sitaki kujipamba. Niliamua kabisa, nikapika, nikala, nikalala.

*

Jumapili ya tangazo la tatu ilikuwa zamu ya Padri kufika kigangoni kwetu, na alikuwa ametuma neno kwamba baada ya misa atawapaka wagonjwa mafuta. Minza alituazima mkokoteni wao wa ng'ombe. Mumewe Limbu aliwaongoza maksai mwenyewe, taratibu, akikwepa mashimo, na nilimfunga Kalisti mablanketi mawili na kumvika shati jeupe. Watu walifurahi kumwona. Walimweka mbele kabisa, kwenye kiti cha mikono cha Padri cha akiba, pamoja na bibi mmoja kipofu na mama mwenye uvimbe. Mimi nikakaa benchi la pili, nyuma yake. Minza akakaa palepale pake mlangoni.

Zilikuwa zimebaki siku mbili mwezi uishe. Mkataba ulikuwa kwenye mkoba wa Vitus, na Maximilian alikuwa nje ndani ya pikapu, anasubiri tangazo lipite asaini chini ya mkaratusi wetu mwembamba, mbele ya watu, picha ipigwe ya kuwatumia wafadhili.

Baada ya komunyo Adriano alivaa miwani. "Kampuni ya Majitamu, ya Sumbawanga mjini, inatarajia kufunga mkataba wa kisima na kijiji cha Kasenzya. Anayejua kizuizi chochote atoe taarifa. Hili ni tangazo la tatu na la mwisho."

Akatulia kama kawaida, apishe kimya kile cha kuhesabu pumzi tatu. Kwenye ndoa kimya hicho watu hugeuka geuka wakitafuta mbaya ni nani. Safari hii hakuna aliyegeuka. Mimi nilikuwa naangalia kisogo cha kaka yangu.

Mkono wa kushoto ukatoka kwenye blanketi ukainuka.

Uliinuka juu kabisa, mpaka kitambaa cha shati kikateleza ukabaki mfupa na ngozi. Adriano aliuona akatabasamu kwa huruma. "Mzee wetu Kalisti ana hamu ya mpako," akasema. "Padri, labda tumwombee kwanza." Padri akashuka altareni, akamwekea mkono kichwani, na kanisa zima likainamisha vichwa. Wakaanza Baba Yetu.

Nilipewa nafasi ya kuponyoka hapo, na nakiri niliipokea. Nilisema moyoni, wamemwelewa vibaya, basi, si kosa langu, sala ikiisha atauteremsha. Mtu pekee duniani aliyejua maana ya mkono ule nilikuwa mimi, na mimi nilikuwa nimefumba macho.

Sala ikaisha. Nikafumbua. Mkono ulikuwa bado juu. Ulikuwa unatetemeka mpaka kwenye bega, na jasho limemtoka shingoni kwenye baridi ile, lakini hakuuteremsha. Alikuwa anajibu swali ambalo sikumwuliza. Padri alijaribu kuushusha kwa upole, akiushika kifundoni, na Kalisti akaukaza ukabaki palepale.

Nikasimama.

"Haombi mafuta," nikasema. "Anasema hapana."

"Hapana nini, mama?" Padri akauliza.

"Kizuizi ni yeye. Leseni ya Majitamu ni ya kweli, lakini mtaalamu waliyemwandika ni huyu hapa. Ripoti ya kisima chetu imesainiwa kwa jina lake mwezi uliopita, na mkono wake mnauona. Hakuna aliyepima nyuma ya shule. Hakuna aliyepima popote."

Hapo ndipo Kalisti alipouteremsha mkono. Ulianguka kwenye mapaja yake, akaanza kuhema.

Watu hawakupiga kelele. Ningependa wangepiga. Vitus alitoka kwenye benchi lake akaja mpaka mbele yangu, bahasha ya mkataba iko mkononi. Ni mtu mpole, tumekua pamoja.

"Umejua lini, Hellena?"

Ningeweza kusema leo. Ningeweza kusema jana.

"Jumatatu ile nilipokwenda mjini. Baada ya tangazo la kwanza."

Alihesabu kimoyomoyo, nikamwona anavyohesabu. "Wiki mbili," akasema. "Kwa wiki mbili tungekwenda Namanyere, tungekwenda popote. Tungepata mwingine."

Ndivyo ilivyokuwa. Nje tulisikia pikapu ikiwashwa. Hakuna aliyetoka kuizuia.

*

Kisima kilihamia kile kijiji kingine, kama sharti lilivyosema. Kamati iliandika barua kwa ile ofisi kueleza habari za Kalisti, na barua niliiandika mimi mwenyewe, nikaisaini, halafu wakaniomba niwakabidhi daftari la katibu. Sikubisha. Yule binti alinipigia simu kunishukuru. Aliniuliza mbona sikumwambia siku ile, na mimi nikajifanya mtandao umekata.

Bondeni hakuna anayenitukana. Wananisalimia, wananipisha zamu yangu ikifika, ila mazungumzo yanaisha nikikaribia na yanaanza tena nikishaondoka. Minza peke yake ndiye bado ananitwisha ndoo. Siku ya kwanza alipofanya hivyo nilisubiri aniseme, nikatamani aniseme. Aliiweka ndoo sawasawa kichwani pangu, akanishikilia bega kidogo. "Tulikutuma wewe kwa sababu ulikuwa na mgonjwa, mayu," akasema. "Nilijua wewe huwezi kulifanyia mchezo jambo la maji." Nimekipanda kile kilima siku nyingi na maneno hayo, nayo ni mazito kuliko ndoo.

Vifurushi vimekoma. Dawa ninanunua nikipata, na nisipopata tunakaa.

Kalisti ana akili zake zote. Anasikia ninavyoondoka alfajiri na anasikia ninavyorudi jua likiwa juu, na anajua mwezi wa nane chemchemi inakuwaje, maana yeye ndiye aliyeniambia zamani kwa nini maji yake hushuka. Juma lililopita nilimwogesha kwa ndoo ya kwanza kama kawaida, nikaivuta ya pili nianze kufua mashuka. Akainua mkono.

"Nini? Ni baridi?"

Akauacha juu.

"Hutaki nifue?"

Akagonga kitanda.

Nilimwambia asilete ujinga, ngozi itachubuka. Nilimwambia kwa ukali. Nikashika shuka nilichovye kwenye maji, naye akaniinulia mkono tena, kama siku ile kanisani, na safari hii sikuwa na mtu wa kumsingizia kwamba hakuelewa. Nikalikunja lile shuka likiwa kavu, nikaliweka pembeni. Kisha nikaibeba ndoo ya pili nikaenda kuimimina kwenye mtungi wa jikoni, iwe ya kesho.